Debe Lina Tumbo

Jumamosi, kabla wingu halijaumeza mlima,
nawasha pikipiki ya Elinami.
Nimeiazima kwa lita mbili za petroli
na ahadi kwamba sitaiangusha tena.
Kamera i kifuani, ndani ya koti,
nimeizungushia kanga:
vumbi la Msaranga halibishi hodi.

Nafuata rangi nyekundu.
Watu wa manispaa hupita na kopo na brashi,
huandika X ukutani, chini yake tarehe,
kama mwalimu anayesahihisha daftari la marehemu.

Leo ni ghala la kahawa, nje kidogo ya Kiboroloni.
Ngazi imeliwa na mchwa, imebaki umbo la ngazi.
Mizani ya magunia imekwama kwenye kilo sitini na mbili.
Nani alipima mwisho?
Alilipwa zote?
Napiga. Nazunguka, napiga tena upande wa kivuli
ambako kutu ina rangi ya ganda la ndizi
iliyosahauliwa darini.

Mlangoni, hesabu za penseli:
Aikaeli, debe nne.
Ndeonansia, debe tatu na nusu.
Na juu yake mtu ameandika kwa kaa la moto,
herufi kubwa, mkono unatetemeka:
DEBE LENU LINA TUMBO.
Nikacheka peke yangu,
popo wakahama boriti.

Ndeonansia.
Jina hilo lipo kila mgomba Old Moshi,
sitaki kudai kitu.
Lakini nilisogeza lenzi karibu
hadi penseli ikawa mfereji,
na nusu ile ya debe
ikawa nusu ya mtu niliyemjua.

Mlinzi anaitwa Sefania, mtu wa Usangi,
koti la jeshi, kandambili za rangi mbili.
Nani amekutuma?
Sijatumwa.
Picha unauza wapi?
Siuzi.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.
Basi unaiba nini?

Nina picha mia sita na kumi na moja.
Nina baraza la Njoro lililokuwa na nguzo nane,
nina bango la duka la vitenge, tarehe imebanduka,
nina daraja la mbao juu ya mfongo mkavu.
Nina kiwanja kimoja nilichochelewa:
kifusi, ukuta wa matofali mabichi, namba ya dalali,
na katikati isale limesimama,
kwa sababu hakuna kibarua aliyethubutu kulikata.

Nyumba ya bibi sina.
Ile niliiuza mimi.
Kaka zangu walisema bei ni nzuri, nami nikasema ni nzuri,
nikaweka sahihi juu ya boneti ya gari la mnunuzi.
Siku ile nilikuwa na kamera.
Niliipa nyumba mgongo, nikapiga Kibo,
theluji safi, anga safi,
picha ambayo kila mtu anayo.
Kwenye pembe ya chini, kushoto, kuna kipande cha bati.
Nimekikuza mara nyingi.
Ukikikuza sana
kinakuwa vijumba vidogo vya kijivu,
havina mlango.

Sikumwambia Sefania hayo.
Nilimwambia: tingatinga linakuja lini?
Alhamisi, akasema, kama dizeli itapatikana.
Akanyamaza, akafunga vifungo vya koti.
Mimi nimelala hapa miaka kumi na tisa,
nipige na mimi.

Nikamwonyesha mlango, pale penye majina, mwanga ni mzuri.
Akakataa. Hayo ni madeni ya watu, akasema.
Akaenda mwenyewe ukutani, akasimama mbele ya X,
wima, kidevu juu,
mgongo wake ukaifunika yote
isipokuwa ncha mbili nyekundu
zilizochungulia juu ya mabega.

Nikasubiri akope macho.
Hakukopa.
Wingu likafika.